Koti la Mkwe

Venanti alirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na habari ambayo Pasikali aliicheka mpaka akakohoa. Mkwe wake mtarajiwa, Polycarpe, alikuwa amekwisha kupokea mbuzi, vitenge vya mama na vingine vyote alivyodai. Kilichobaki kwenye mahari ya binti yake Deborah ni suti ya baba tu, ile ambayo Wakongomani hawamwozi binti bila hiyo. Na sasa mzee alisema hataki suti ya kawaida, anataka koti.

"Koti," alisema Pasikali. "Ananiomba mimi koti?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Alikuwa akiuza makoti ya mitumba sokoni Kasulu tangu mwanawe Niyubahwe, mchumba wa Deborah, hajaota meno. Nusu ya wanaume wa Munanila, kule kwenye baridi ya mlimani, huenda shambani asubuhi wakiwa wamevaa makoti ya Wazungu wasiowajua, na wengi waliyanunua kwake. Kumwomba Pasikali koti ilikuwa kama kumwomba mvuvi dagaa.

Venanti, mshenga, hakucheka. Alivua kofia akaiweka gotini.

"Baba Niyubahwe, punguza furaha. Majina yao yametoka. Wanasafiri, ukoo mzima. Basi linakuja kuwachukua mwezi ujao, halafu ndege, halafu Ulaya huko kwenye theluji. Na Deborah yumo kwenye faili la baba yake."

Cherehani iliyokuwa ikinguruma barazani ilinyamaza. Epifania, mke wa Pasikali, aliinua uso.

"Na Irakoze?"

"Mtoto anafuata ziwa la mama yake, mama."

Irakoze alikuwa mjukuu wao wa kwanza, msichana wa mwaka na kidogo, aliyekuwa akiishi kambini na mama yake kwa wazazi wa mama, kama desturi inavyotaka mpaka mahari ikamilike. Mtoto ambaye mahari ya mama yake haijakamilika ni wa ujombani, hilo halina mjadala kwa Waha, kwa Warundi wala kwa Wakongomani. Polycarpe alikuwa ametoa neno lake: koti likifika, yeye mwenyewe ataingia ofisi ya kambi kusema binti yake ameolewa, anabaki huku na mumewe. Lisipofika, wanaondoka wote.

"Basi atalipata," alisema Pasikali. Kesho yake alichagua suti nyeusi iliyo nzuri kuliko zote kibandani, yenye lebo ya dhahabu ya Italia. Koti au suti, alijiambia, mzee akiiona atanyamaza.

*

Hakunyamaza. Polycarpe aliishi na mkewe Louise katika nyumba ya tofali za udongo, na alikuwa akiuza vipande vya sabuni kando ya barabara ya kambi akiwa amefunga tai. Kuna watu wanaopenda nguo. Yeye aliziheshimu. Matope ya Nyarugusu yanajulikana, lakini mkunjo wa suruali yake ulisimama wima kuanzia kiunoni hadi kwenye kiatu, na majirani walimwita Papa Élégance, nusu kwa dhihaka na nusu kwa wivu.

Aliipokea suti kwa mikono miwili, akamshukuru Pasikali, kisha akaanza kuikagua mbele ya wote waliokuwapo: Venanti, Niyubahwe, Louise, na Deborah aliyekaa mkekani na mtoto. Alibana ukosi kati ya vidole viwili akauchezesha. Akageuza mkono ndani nje. Akavuta uzi mmoja kwenye pindo, akaomba kiberiti, akauchoma. Uzi ukajikunja ukawa tone jeusi gumu.

"Mukwe, unaona? Hii ni plastiki," alisema, bila ukali. "Sufu ikiungua inanuka nywele, inabaki majivu. Na hii kola wameigandisha na gundi. Suti ya kweli kola yake inashonwa ndani, shono moja moja, unaisikia kwenye vidole. Hii lebo ya Italia, mutu ameishona juzi."

Pasikali alikuwa ameishona yeye. Alihisi masikio yakimwaka moto. Deborah aliinamisha kichwa akajifanya anamfuta mtoto pua.

"Wewe wataka nini hasa, mzee?" aliuliza Pasikali. "Sema wazi, sisi ni ndugu."

Polycarpe alisema. Baba yake alikuwa baharia wa boti za ziwani Kalemie, wakati mji ule ukiitwa Albertville, na nahodha mmoja Mbelgiji alimwachia koti lake la manowari. Rangi yake ilikuwa buluu iliyokaribia weusi, na sufu yake nzito kiasi kwamba mvua haikupenya. Kola pana, ya kusimamishwa upepo ukivuma. Vifungo safu mbili, kila kimoja na nanga katikati, na kamba imeizunguka hiyo nanga. Mifuko imekatwa wima kifuani ili mikono ipate joto, na ndani yake kitambaa cha mistari laini kama manyoya ya kifaranga. Kwenye bitana, kitambaa kidogo cheupe chenye jina la mwenyewe kwa wino.

"Baba alilivaa kanisani mpaka alikufa. Mimi nililivaa siku ya ndoa yangu. Vita ilipokuja, mutu anabeba mutoto, habebi koti." Alitazama mikono yake. "Kule tunaenda, tutashuka kwenye ndege ni wakimbizi. Banatungojea na makoti ya musaada, nimeambiwa, wanapanga kwenye meza. Mi sitaki kusimama kwenye ile meza. Nataka kushuka nimevaa ya kwangu, ya kweli. Njo ile tu naomba."

Wakati wa kuondoka Deborah alimsindikiza Niyubahwe hadi kwenye pikipiki yake, ile anayobebea abiria Kasulu. "Lipate hilo koti," alimwambia. "Mi nataka kubaki. Lakini siwezi kubaki kama kitu kilichosahaulika."

Niyubahwe akasema litapatikana. Alikuwa kijana mpole, wa kukubali haraka na kusema kidogo.

*

Kwa majuma mawili Pasikali alifungua balo baada ya balo la mitumba. Makoti aliyakuta: ya mvua, ya manyoya ya uongo, ya kike yenye mikanda. Wenzake sokoni walimtania kwamba amekuwa fundi wa kunusa, maana sasa kila koti alilichomoa uzi na kulichoma. Kuna mteja alikuta shimo la moto kwenye pindo akadai apunguziwe, naye akapunguza bila kubishana.

Siku alipolipata, hakuhitaji kiberiti. Lilikuwa chini kabisa ya balo, limekunjamana chini ya majaketi ya watoto, na alipolivuta alidhani limekamatwa na kitu, kumbe ni uzito wake tu. Buluu iliyokaribia weusi. Alihesabu nanga kwa kidole gumba, akaiona kamba imejizungusha kila moja. Akatia mkono mfukoni, akakutana na ile mistari laini. Ndani, kwenye kitambaa cheupe, jina la mtu lilikuwa limefifia kiasi kwamba ilibaki herufi ya kwanza na mkia wa ya mwisho. Pasikali, mtu mzima mwenye mvi, alikaa juu ya balo akalia kidogo, maana alikwisha kukata tamaa na hakumwambia mtu.

Alilitundika nje lipate hewa. Halikumaliza hata muda wa kunywa chai. Mudathiri, jirani yake muuza viatu, alikuja akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Hilo ni vazi la jeshi," alisema kwa sauti ya chini.

"La zamani. La bahari. La Wazungu."

"Nani atakuuliza la zamani? Vifungo vinang'aa nanga pale. Raia haruhusiwi sare ya jeshi, unajua. Halafu unataka kuliingiza kambini? Wakimbizi, mpaka, na wewe unapita kizuizini na sare begani?" Alisita, kwa kuwa alikuwa rafiki. "Halafu Pasikali, wewe mwenyewe asili yenu wanaijua."

Neno hilo la mwisho lilitosha. Pasikali alikuwa raia, cheti kipo nyumbani kimefungwa kwenye nailoni mara tatu. Lakini aliingia nchini mgongoni mwa mama aliyekuwa akikimbia kutoka Burundi, na wenye asili kama yake wanajua kwamba cheti ni karatasi, na karatasi inaweza kuulizwa upya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alilishusha koti, akalitia kwenye gunia la mahindi, akafunga kibanda mapema.

*

Epifania alilitazama gunia likifunguliwa, akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Oya. Hapana, Baba Niyubahwe. Nguo ya askari haingii humu."

"Ni ya baharia."

"Baharia hana bunduki?"

Pasikali alifunga mlango. Yeye mwenyewe alikuwa ametembea njia nzima akijiona anakamatwa. Walizungumza kwa sauti za chini katika Kirundi, ingawa nje hakukuwa na mtu ila kuku. Hatimaye Pasikali alisema kile ambacho angekijutia baadaye:

"Toa zile nanga. Weka vifungo vingine. Sufu ni ileile, koti ni lilelile. Mzee anachotaka ni joto la baba yake."

Kisha akaenda kumtafuta Venanti.

Epifania alikuwa fundi mwenye mikono mizuri, na hilo ndilo lililomponza. Mwingine angebadilisha vifungo akaishia hapo. Yeye alikata nanga zote kwa wembe, akazifunga kwenye kitambaa, akazitumbukiza chooni, asije mtu akazikuta nyumbani kwake. Kisha akaona muhuri kwenye bitana, namba namba za kijeshi. Akaing'oa bitana yote. Akaona lile jina la wino. Hapo hata hofu haikuhitajika, adabu ilitosha: mkwe hapewi nguo yenye jina la marehemu. Akalikata, akalichoma jikoni. Mifuko ilikuwa imechakaa midomo, akaishona upya. Akatia bitana ya satini nyekundu aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya gauni la ubatizo wa Irakoze, na vifungo vipya vya dhahabu kutoka dukani, vikubwa. Akalipiga pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi mpaka likasimama.

Pasikali aliporudi alilikuta limetundikwa mlangoni, linang'aa. Aligusa kifungo kimoja.

"Limekuwa jipya," alisema.

"Ndiyo, jipya," alisema Epifania kwa furaha. Alikuwa akimwona mjukuu wake tayari pale barazani, anavuta nyuzi za cherehani.

*

Kizuizini askari aliwaomba karatasi za ruhusa, akafunua mfuko, akashika koti kwa vidole viwili. "Koti la babu?" akauliza. "La mkwe," akajibu Venanti. "Hongereni," akasema askari, akarudi kwenye kivuli chake. Walipovuka, Epifania, aliyekuwa ameshika mkono wa mumewe bila kujua, aliuachia.

Kwa Polycarpe kulikuwa na watu. Louise alikuwa amepika, majirani wameleta viti, na mchungaji wa kanisa lao alikuwa amekwisha kuomba. Deborah alivaa kitenge cha bibi harusi. Venanti alilitoa koti kwa maneno mazuri ya kishenga, na mzee alipolipokea tu uzito wake ulimfikia mikononi, akafumba macho.

"Njo yenyewe," alisema polepole. "Louise, shika. Sikia uzito."

Alipapasa kola, akaisimamisha, akailaza. Alikuwa akitabasamu bado kidole gumba kilipofika kwenye kifungo. Kikapita cha kwanza, kikapita cha pili. Akalifungua koti. Wekundu wa satini ukatoka nje mbele ya watu. Akatia mkono mfukoni, akakosa ile mistari laini, akautoa. Akatafuta pale ambapo jina hukaa, akakuta uzi mpya.

"Nanga ziko wapi?"

Pasikali akakohoa. "Zilikuwa zimechakaa."

"Nanga haichakai, mukwe. Mutu aliyelivaa hili koti, jina lake liko wapi?"

Mmoja wa majirani alinong'ona kwamba Watanzania wameuza vifungo pembeni. Mwingine akacheka kwa puani. Pasikali alisikia, na uso wake ukavimba kwa aibu. Angeweza kusema ukweli, lakini kwa mwaka mzima wa mazungumzo ya mahari alikuwa amekaa kwenye viti hivi kama mwenyeji, raia, mtu wa soko, akiwapa pole wakimbizi. Ulimi ukamshinda.

Aliyesema ni Epifania, akiwa amepiga magoti, kama inavyompasa mbele ya baba wa mkamwana.

"Ni mimi, mzee. Zilikuwepo zote, na jina lilikuwepo. Tuliogopa. Ni nguo ya askari, na sisi asili yetu ni Burundi. Tuliona tukikutwa nayo watatuuliza sisi ni nani. Nikazitupa. Sikujua ndizo ulizokuwa unazitaka kuliko koti."

Polycarpe alimwinua kwa mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa imeondoka, na kwa Epifania hilo lilitisha zaidi.

"Mama, sina neno na wewe," alisema. "Woga naujua. Nimeishi nao kuliko nilivyoishi na mke wangu. Koti nalipokea, na asante. Ungeniambia nanga zilianguka ziwani, ningesema bon, basi, mahari imekwisha." Akamgeukia Pasikali. "Lakini nisikie kama baba. Ninyi muna cheti. Muna nyumba, muna kibanda, watu banawajua. Na munaogopa vifungo. Deborah hana hata karatasi moja ya inchi hii. Siku watakuja kumuuliza yeye ni nani, nani atasimama mlangoni?"

Watu wote walimtazama Pasikali, na Pasikali akamtazama mwanawe. Niyubahwe alikuwa amesimama karibu na nguzo. Alifungua mdomo. Deborah alikuwa amemkazia macho, mikono yake imetulia juu ya kitenge, akingoja. Niyubahwe akasema, "Tutajitahidi, baba."

"Mutajitahidi," alirudia Polycarpe. Alilikunja koti vizuri, satini ndani. "Tupe muda tuongee na binti."

Waliongea naye siku tatu. Epifania alipata jibu kwa simu, kutoka kwa Louise, ambaye alilia kabla hajasema lolote. Deborah hakulazimishwa. Alikuwa ameulizwa, akasema anakwenda.

*

Siku ya basi, ndugu waliruhusiwa kuaga kwenye uwanja wa wazi. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika. Watu walishikana, wakasali, wakapeana namba za simu ambazo wengine hawangepiga kamwe. Epifania alimbeba Irakoze mgongoni kwa mara ya mwisho, akamzungusha uwanja mzima, akamwonyesha mbuzi, akamwonyesha pikipiki ya baba yake, akamtajia kila kitu kwa Kirundi ili kitu fulani kimbakie masikioni. Alikuwa na uchungu ambao hakuujua hata alipozika mama yake, kwa sababu waliokufa hawakui mbali nawe. Huyu angekua, angeng'oka meno ya utoto, angecheka kwa lugha nyingine, na yeye asingeyaona.

Kisha akamfungua mtoto akampa Niyubahwe, maana ni haki ya baba kumpeleka.

Mwanamke wa shirika la kusafirisha wakimbizi alisimama mlangoni mwa basi akisoma majina. Polycarpe aliitikia, Louise akaitikia, Deborah akaitikia. Jina la Irakoze lilisomwa likiwa na ukoo wa babu yake wa kambini nyuma yake. Niyubahwe alikuwa amefika hatua chache tu kutoka mlangoni. Mtoto alikuwa ameshika kola ya shati lake, anaitafuna. Baba mtu hakusogea.

Jina likasomwa tena. Niyubahwe bado hakusogea, na Epifania, aliyekuwa nyuma, alihisi kitu kinapanda kifuani ambacho kilikaribia kuwa tumaini. Deborah alikuwa amegeuka kwenye ngazi ya basi. Alikuwa ameweka chini mfuko wake.

Askari mmoja wa zamu alikuja taratibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka msururu uende.

"Kijana, huyu mtoto yumo kwenye orodha. Wewe ni nani wake?"

Uwanja ulikuwa na kelele, lakini hapo mlangoni walisikia wote. Niyubahwe alimtazama askari, akatazama sare yake.

"Nasindikiza tu, afande," alisema.

Deborah aliokota mfuko wake, akanyoosha mikono, akampokea mtoto.